Mawe Juu ya Babu

Watoto wa ndugu yangu walikuja kunichukua kwa gari, wakanipeleka nyumbani kwetu, ndani kidogo ukitoka Msambweni, ili niwape baraka kwa jambo ambalo walikuwa wamekwisha kuliamua bila mimi. Ndivyo wanavyotuheshimu siku hizi. Wanakufungulia mlango wa gari, wanakuita shangazi kwa sauti ya asali, kisha wanakuonyesha kazi iliyokwisha kuanza. Safari hii kazi yenyewe ilikuwa makaburi. Walikuwa wamenunua vigae vyeupe, vile vinavyowekwa chooni katika mahoteli ya Diani, na mifuko ya saruji na chokaa, na wamemleta fundi kutoka Ukunda aliyekuwa akizungumza na simu yake zaidi ya alivyozungumza na mwiko. Babu na Bibi watajengewa kaburi moja la fahari, wakaniambia, na katikati litasimama jiwe lenye umbo la kopa, limeandikwa kwamba wawili hawa wanangojea kuamka pamoja.

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, lakini fundi akamwaga maji juu ya chokaa. Harufu yake ikanipanda puani, ile harufu kali inayokausha koo, nami nikasahau nilichotaka kusema. Nikaomba kiti nikakaa.

Ninyi wenzangu mliozaliwa wakati wa mkoloni, ambao magoti yenu yanalia kama yangu, hamna haja ya kuelezwa chokaa. Hivi sasa kila kitu ni saruji. Zamani zile mtu akitaka kujenga nyumba ya maana alimtafuta mchoma chokaa, na mchoma chokaa wa upande wetu alikuwa Baba. Mawe ya matumbawe yalirundikwa uani, makubwa na madogo, yakingoja kupangwa juu ya magogo ya minazi na kuchomwa mpaka yawe meupe na mepesi. Sisi watoto tulipiga chafya mwaka mzima. Tulikuwa Waduruma tuliohama kutoka kule bara kwenye ukame, tukaja kukaa kati ya Wadigo, na juu ya ugeni huo Baba akaongeza mwingine, akabatizwa. Majirani wakaenda msikitini Ijumaa, sisi tukaenda Jumapili kwenye kibanda cha makuti kilichoitwa kanisa, na hakuna aliyemgombeza mwenzake kwa hilo. Magomvi tulikuwa nayo ya nyumbani, yakitosha.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na aibu yake kubwa ilikuwa mama yake. Bibi hakubatizwa na hakutaka kubatizwa. Babu, mumewe, alikwisha kufa, na yeye alibatizwa kitandani siku za mwisho, ulimi ukiwa mzito hata hakuweza kukataa. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza wa mji wetu kufa Mkristo, alifanywa mtakatifu kwa haraka ambayo sijaona mfano wake. Mtu aliyekuwa hajawahi kusema ahsante katika maisha yake akasimamishiwa msalaba na kaburi lake likapakwa chokaa.

Aliyeyafanya hayo ni mwinjilisti wetu, Yeremia, mtu aliyeletwa kwetu kutoka milimani huko. Alikuwa na baiskeli, kofia ngumu ya kizungu, na viatu vyeupe alivyovipaka chokaa ya Baba bila kuomba. Nikiwa mtoto nilimdharau kwa sababu alikula mapaja yote mawili ya kuku. Sasa ninamdharau kwa sababu bora zaidi. Alizungumza juu ya ufufuo kana kwamba ni arusi ya jirani: nguo zitakuwa nyeupe, chakula kitatosha, watu wote watakumbatiana, na yeye amewekewa mahali karibu na bwana arusi. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba huenda yupo mtu asiyetaka kumwona tena marehemu wake.

"Babu yenu hakufa," alituambia Jumapili moja, ametuinamia sisi watoto tuliokaa mkekani mbele. "Amelala tu. Parapanda italia, naye atainuka, atajikung'uta udongo, atamshika mkewe mkono, na wataingia pamoja nyumbani mwa Bwana."

Watu wakaitikia amina. Bibi, ambaye alikuja siku ile kwa ajili ya kumpakata mtoto mchanga tu, akamrudishia mama yangu mtoto wake, akatoka nje. Nilimfuata. Nikamkuta ameshika nguzo ya kibanda, anatema mate.

"Bibi, unaumwa?"

"Naumwa na masikio," akasema. "Yule mtu yuasema atanirudishia yule."

Yule alikuwa Babu. Bibi hakulitamka jina la mumewe, na watu walidhani ni adabu ya wake wa kale.

Mimi nilimkumbuka Babu kwa mambo mawili, bakora yake na mkono wake juu ya kifundo cha mkono wangu. Utani wetu mnaujua. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na kwa bibi yake ni mke mwenza. "Mke wangu, niletee maji," Babu alikuwa akisema, amenishika nisikimbie. "Nenda, mke mwenzangu, kampe mumeo," Bibi naye husema kutoka jikoni, na watu hucheka. Wote walicheka, lakini hakuna aliyekumbuka kuniambia kwamba ni mchezo. Na mimi nilikuwa nikijua wake wa mtu yule wanafanywa nini. Nilikuwa nikilala nyuma ya ukuta wa udongo wa chumba chao. Nilikuwa nikiisikia bakora, na asubuhi nilikuwa nikimwona Bibi anafunga leso juu kabisa ya bega, siku ya joto, ili alama zisionekane. Kwa hiyo Babu alipokufa, nilikula vizuri sana matangani.

Basi fikirini hofu iliyonishika. Nilidhani nimekwisha kuwa mjane, nimepona, kumbe mtu yumo njiani kurudi. Atajikung'uta udongo, atamshika mkewe mkono. Ni mkewe yupi? Bibi alikuwa mzee anayekohoa. Mimi nilikuwa na miguu mizima ya kutumwa maji.

Pasaka haikuwa mbali, na Yeremia akaanza kutuhadithia habari za kaburi la Bwana, namna lilivyozibwa kwa jiwe, na namna malaika alivyoshuka akaliviringisha. Wenzangu walisikia ushindi. Mimi nilisikia ushauri wa kazi. Jiwe moja lilihitaji malaika mzima. Mawe hamsini yatahitaji malaika hamsini, na siku ile malaika watakuwa na shughuli nyingi, dunia nzima inafufuka, hawatapoteza muda wao kwa mzee mmoja wa Msambweni. Hata leo sioni kosa kubwa katika hesabu ile.

Kesho yake, jua lilipoanza kupoa na Baba akiwa tanurini, nilijitwika jiwe la kwanza juu ya kata ya majani ya mgomba, nikalipeleka hadi ng'ambo ya mikorosho, nikalitua juu ya kifua cha Babu. Nilifanya hivyo kila siku. Shingo iliniuma, lakini nililala vizuri zaidi. Siku moja nilipogeuka nikamwona Bibi amesimama kwenye mkorosho, ananitazama. Siku iliyofuata alikuja na jiwe lake mwenyewe, kubwa kuliko yangu, amelikumbatia tumboni huku akikohoa, akalitua upande wa kichwa. Tangu hapo tulikwenda wawili. Tulifanya kazi kama vibarua wa serikali, bila kuzungumza na bila kuulizana sababu.

Baba alipogundua mawe yake yanapungua alikata ufito wa mpera akanifuata mpaka kaburini. Angenichapa, na angenichapa sana, kama Yeremia asingepita pale na baiskeli yake. Akashuka. Akalitazama rundo la mawe, akanitazama mimi na udongo kichwani, akavua kofia. Macho yake yakajaa maji.

"Ndugu yangu, tupa fimbo hiyo," akamwambia Baba. "Huoni? Mtoto huyu amemjengea babu yake mnara wa matumaini."

Jumapili nilisimamishwa mbele ya kanisa zima. Yeremia aliniwekea mkono kichwani, akahubiri mpaka jasho likalowesha shati, juu ya imani ya watoto wadogo inayoyatayarisha makao ya wafu kwa ajili ya asubuhi ile tukufu. Baba aliinua kidevu. Nilipewa peremende. Nikaila, nami nilijua vizuri kabisa kwamba mtu yule ni mjinga. Bibi alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Wanawake wakasema anamlilia mumewe.

Kikohozi cha Bibi kilizidi. Ilijulikana kwamba padre mzungu atakuja Pasaka kubatiza, na kwamba Bibi hatamwona padre mwingine. Baba alimpigia magoti. Ninasema kweli, mtu mzima mwenye ndevu alipiga magoti kwenye majivu ya jikoni.

"Mama, ukienda hivi, nitakuona wapi tena?"

Bibi alimtazama. "Ulikuwa ukiniona kila siku, mwanangu. Ulikuwa hapa hapa, umelala chumba cha pili. Ulifanya nini na kule kuniona kwako?"

Baba akainuka akapangusa magoti yake. Kisha alifanya wanachofanya waoga wa dini zote, akamwita mtaalamu.

Yeremia alikuja jioni. Bibi alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, mimi nimekaa karibu naye nikidokoa. Hakusimama. Alimsogezea kigoda kwa mguu.

"Mama," Yeremia akaanza, "muda ni mfupi."

"Wangu au wako?"

"Wa sisi sote, mama. Nimekuja kukuomba usijitenge na mumeo milele. Anakungoja."

Bibi aliendelea kukuna. "Nina swali, Mwinjilisti. Huyo Mungu wako, aweza kumwamsha mmoja akamwacha mwingine?"

"La. Wataamka wote."

"Kwa sababu mimi nina mwanangu, Nyamvula. Yuko pale," akaonyesha kwa kidevu migomba iliyo nyuma ya nyumba, ambako maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa. "Huyo namtaka. Namtaka sasa hivi, wala sihitaji parapanda. Lakini yule mwingine muacheni papo hapo alipo. Mkiweza kunifanyia hivyo, nibatize leo hii, hata kwa maji ya nazi."

Sikuwahi kusikia jina la Nyamvula. Miaka yote ile nilikuwa nikipita juu yake nikienda kumwaga maji.

Yeremia akacheka kicheko cha kanisani, kile kisicho na furaha. "Mama, mumeo alikufa katika Bwana."

"Alikufa katika shuka zangu, nilizifua mimi." Bibi akaweka kifuu chini. "Sikiliza, maana wewe ni mtu wa kusema sana. Nyamvula alikuwa na umri wa huyu hapa. Alishikwa na homa, akawa apiga kelele haoni. Nilimfunga mgongoni nikashika njia ya hospitali. Nikafika kwenye mikorosho, yule akanikuta. Akaniuliza, umemuaga nani? Nikasema mtoto yuafa. Akasema, mke hatoki mjini mwangu bila ruhusa. Akamfungua mtoto mgongoni mwangu, akatutia ndani, akafunga mlango kwa nje kwa gogo, akaenda zake kunywa tembo. Aliporudi, ulevi umemtoka, mtoto alikuwa baridi mikononi mwangu. Nilimshtaki kwa wazee. Akawapelekea kibuyu. Wazee wakanywa, wakapangusa midomo, wakaniambia nirudi nikapike. Kesi ya ngedere nilimpelekea nyani. Sasa wewe waniambia yule aningoja. Kunifanya nini tena?"

Yeremia aliitazama baiskeli yake. Sitamsahau alivyoitazama, kwa mapenzi makubwa. Alikuwa na majibu ya kila swali ambalo hakuna mtu aliyemuuliza, na hili hakulitayarishia jibu. Na kwa kuwa alitaka kuondoka tu, akasema neno la kufungia mlango, kwa haraka, akiwa amekwisha kuinuka kigodani.

"Mambo hayo mwachie Mungu, mama. Siku ile kila neno litatolewa hadharani. Wafu watasimamishwa mbele ya kiti chake, wakubwa kwa wadogo, na kila mtu atajibu kwa aliyoyatenda."

Mkono wa Bibi ulikuwa umeshika nazi ya pili. Ukasimama.

"Atajibu?"

"Atajibu."

"Yeye mwenyewe? Hatatuma mzee amsemee?"

"Kila mtu atajisemea."

"Hata aliyebatizwa?"

Yeremia akashika usukani wa baiskeli. "Hata aliyebatizwa."

"Na hakimu hanywi tembo?"

"Mama!"

"Nakuuliza. Hanywi?"

"Hanywi."

"Basi kwa nini hukuanza na hilo?" Bibi akapiga kelele, nazi ikamtoka mkononi ikabingirika hadi kwenye viatu vyake vyeupe. "Wakati wote huu wanisimulia arusi, kumbe ni baraza!"

Hakumwamini moja kwa moja. Alikuwa amekwisha kudanganywa na wazee. Asubuhi alinituma nimwite Bi Mwanasiti, jirani yetu wa Kidigo, mwanamke wa swala tano aliyekuwa akitugawia samaki. Wakasimama wawili penye ua wa makuti.

"Jirani, nina jambo nataka unieleze kwa haki. Katika dini yenu, wafu wataulizwa?"

"Wallahi wataulizwa," Bi Mwanasiti akasema. "Tena Siku ya Kiyama mtu hapewi nafasi ya kusema uongo. Mdomo utafungwa. Mkono ndio utakaosema. Mguu nao utashuhudia ulikokwenda."

"Mkono wenyewe?"

"Wenyewe. Utasema, mimi nilipiga."

Bibi alirudi jikoni ana uso ambao sikuwa nimewahi kuuona. Dini mbili zimekubaliana, akaniambia, na hizo dini hazikubaliani hata juu ya nguruwe. Siku hiyo hiyo akamwambia Baba akamwite padre.

Alibatizwa Pasaka, katika kibanda kile cha makuti, amekaa kitini kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu. Padre alimuuliza, kwa Kiswahili chake cha kizungu, kama anasadiki ufufuo wa wafu. Watu hujibu kwa neno moja wakainamisha kichwa. Bibi akainua kichwa.

"Nasadiki. Wote," akasema. "Na yule pia."

Padre akatabasamu. Yeremia akatazama makuti. Baba alilia kwa kelele, na nadhani mpaka alipokufa aliamini kwamba siku ile mama yake alisamehe.

Baada ya hapo Bibi alikaa siku kadhaa kama mtu anayepanga maneno yake kichwani. Kisha jioni moja akaomba apelekwe kwa Babu. Nilimshika mkono na kumbebea kigoda. Akakaa mbele ya lile rundo la mawe tulilolipandisha kwa shingo zetu, akalitazama.

"Yatoe," akaniambia.

Nilidhani sikusikia. "Yote?"

"Usibakishe hata moja. Nataka aje mzima."

Nikaanza kulia. Nililia kwa hasira, maana nilikuwa nimesalitiwa. "Akitoka atanioa!" nikasema. "Mimi ni mke mwenzako!"

Bibi alinitazama, na taratibu nikaona anaelewa. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata na nikalazimika kumpiga mgongoni. Kisha akanivuta, akanikalisha chini kati ya magoti yake.

"Kumbe ndiyo maana? Maskini, mtoto huyu. Lile ni neno la utani, mjukuu wangu, wewe si mke wa mtu. Tena Yeremia alisema siku hiyo hakutakuwa na kuoa wala kuolewa. Ndilo neno zuri kuliko yote aliyowahi kusema, na alilisema akipita tu."

"Wewe ulikuwa ukiweka mawe kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa mjinga kama wewe. Nilidhani akiamka ni yeye atakayekuja kwangu. Sikujua kwamba ni mimi nitakayekwenda kwake." Akagusa jiwe kwa kidole cha mguu. "Nimemwita shaurini. Mshtakiwa akizikwa chini ya mawe, nitasimama na nani?"

"Na shahidi wako ni nani?"

"Nyamvula. Atasema mwenyewe." Hapo sauti yake ikavunjika, mara ya kwanza na ya mwisho niliyoisikia ikivunjika. "Nimeisahau sauti yake, unajua? Nataka niisikie. Hata ikiwa yalia. Wewe siku hiyo utamshika mkono, maana hajui watu. Alikuwa mwoga wa watu."

Nikaahidi. Nikayatoa mawe, nikayarudisha kwa Baba moja moja, naye akafurahi kupata mali yake. Yeremia alipopita akaona kaburi liko wazi, akahubiri Jumapili ile juu ya mawe yaliyoondolewa. Mtu yule ungeweza kumpa jambo lolote duniani, akaligeuza sukari.

Wasia wa Bibi ulikuwa mmoja. Mke huzikwa ubavuni mwa mumewe, yeye hakutaka. Alitaka alazwe mbele ya Babu, miguu ielekee miguu, ili atakapoinuka amwone uso kwa uso kabla hajamwona mtu mwingine. Baba alimzika hivyo hivyo huku machozi yanamchuruzika. Na Yeremia, juu ya kaburi lililo wazi, akawaambia watu watazame mapenzi haya, mwanamke ambaye hata katika mauti hataki kuutazama uso mwingine isipokuwa wa mumewe. Wanawake walilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nikijiona kama mtu aliyeachwa kulinda mlango.

Tangu siku hiyo nimekaa katika mazishi mengi kuliko ninayoweza kukumbuka, na kila mara anasimama Yeremia mwingine, siku hizi ana kipaza sauti, anatuambia kwamba marehemu wote walikuwa wapenzi na wote watakumbatiana. Wafiwa wamevaa fulana zenye picha. Yupo daima mwanamke mmoja nyuma, amefunga leso juu kabisa ya bega, na hakuna anayemuuliza kama anataka kukumbatiwa. Ninawachukia wahubiri hao, nalisema wazi. Wamelichukua tumaini, kitu kigumu chenye meno, wakaling'oa meno yote wakatupa sisi tulambe.

Fundi alikuwa amekwisha kupima. Nikainuka kitini.

"Huyu msimfunike," nikasema, nikionyesha kaburi la Babu.

"Shangazi," akasema mkubwa wao, kwa ile asali, "vigae vimekwisha kununuliwa."

"Vipelekeni chooni, ndiko kwao. Huyu msimfunike, na Bibi pia msimfunike. Hilo kopa lenu mlirudishe dukani."

"Lakini kwa nini, shangazi?"

Ningeweza kumweleza. Nilimtazama, suruali yake safi, macho yake mema ya mtu aliyekwisha kuamua. "Bibi alitaka njia ya kumfikia iwe wazi," nikasema.

Akavua miwani akafuta macho. "Mapenzi ya kale," akamwambia fundi, na fundi akakata simu kwa heshima.

Nikawaacha na mapenzi yao. Nikaenda taratibu nyuma ya mahali ilipokuwa nyumba. Migomba haipo, jiko halipo, pamebaki majani na kuku wa watu. Hapana alama yoyote ya kaburi, na aliye hai anayepajua ni mimi peke yangu. Walinifuata, kama wanavyotufuata wakidhani tutaanguka. Nikachora chini kwa ncha ya fimbo yangu mahali nitakapolazwa mimi, nikawaambia wapakumbuke.

"Hapa, shangazi? Peke yako? Hapana mtu hapa."

"Yupo," nikasema. "Na siku hiyo atataka mtu wa kumshika mkono, wakati wa kutoa ushahidi."